Paa limeezuliwa nusu, mume wangu amemwita mtoto wa dada yangu mwizi

Mpendwa Mshauri,

Naandika nikiwa sebuleni, na juu ya kichwa changu hakuna bati. Kuna turubai la bluu. Upepo ukivuma linapiga makofi usiku kucha, na kila likipiga mume wangu anageuka upande wa pili asiseme kitu. Leo ni siku ya 19.

Nyumba yetu ina miaka 24. Mume wangu aliijenga kwa mikono yake, kila mwisho wa juma, mimi nikiwa na mimba ya kwanza. Mabati yalishaliwa na kutu, mvua ikinyesha tunajua kila ndoo inakaa wapi. Mwaka huu tukasema basi, akiba yote iende kwenye paa.

Fundi nilimleta mimi. Ni mtoto wa dada yangu mkubwa, ananiita mama mdogo, nilimbeba akiwa na siku tatu. Amefanya kazi ya kupaua kwa miaka kadhaa na nimeziona nyumba zake. Kwa kuwa ni mtoto wetu, hatukuandikiana chochote. Alizunguka nje na futi yake, akapima, akatutajia jumla, na mume wangu akampa zaidi ya nusu siku hiyohiyo. Tukachagua yale mabati yenye migongo mfano wa vigae. Hayo niliyataka mimi, yale ya zamani yalikuwa ya kawaida. Akasema kazi ni siku nane.

Siku ya kwanza walikuja watano asubuhi na mapema. Mshauri, hakuna aliyeniandaa. Nyumba ilitikisika hadi nikatoka nje na watoto. Picha ya harusi yetu ilidondoka, kioo kikapasuka. Vumbi jeusi la miaka yote hiyo likashuka kupitia matundu ya taa mpaka kwenye matandiko. Jioni mtoto wangu wa mwisho akakanyaga msumari uani. Siku ya tatu hawakuonekana wala hawakupiga simu. Kesho yake akasema kulikuwa na upepo. Mume wangu alianza kununa hapo.

Siku ya nne, upande wa mbele ukiwa umeshaezuliwa wote, mtoto akaniita. "Mama mdogo, panda uone mwenyewe." Sikupanda, naogopa ngazi. Akasema kenchi sita, zile fremu za mbao zinazobeba paa, zimeoza kwenye ncha zinapokalia ukuta, na papi zote, yaani mbao nyembamba zinazopigiliwa bati, inabidi zinunuliwe upya. Hesabu aliyotaja ni karibu robo ya jumla tuliyokubaliana.

Jioni mume wangu alisikiliza akiwa amesimama, hata mkoba hajaweka chini. Akasema, "Mbao zile nilizichagua mwenyewe, moja moja. Huyu ameona mwanya wa kula." Kisha akauliza mabati ya zamani yako wapi, kwa sababu yalipangwa nyuma ya nyumba na sasa yamebaki machache. Mtoto akajibu ameyachukua, ndivyo kazi inavyokwenda. Mume wangu akamwita mwizi mbele ya vijana wake wote. Wakafunga turubai, wakakusanya nyundo zao, wakaondoka.

Dada yangu alipiga simu usiku huo. Alisema sentensi moja tu: "Mmemwita mwanangu mwizi." Tangu hapo simu zangu hapokei.

Sasa mume wangu amepata fundi mwingine. Huyo alisimama uani, akainua macho, akasema mbao ni nzima kabisa, ataweka mabati kwa siku tatu. Mume wangu anataka aanze wiki ijayo.

Najiuliza, fundi mwaminifu si angeyajua haya tangu mwanzo? Lakini pia mtoto huyu namjua. Nikisema arudi, nimemdharau mume wangu ndani ya nyumba aliyoijenga. Nikinyamaza, nimempoteza dada. Na yote nimeyaleta mimi. Juzi mvua ilinyesha kidogo, dari ya chumba cha watoto imepata doa kubwa na imebonyea katikati. Nifanye nini?

Ni mimi, Niliye Chini ya Turubai

*

Dada yangu,

Kabla ya mume na kabla ya dada, naomba tuanze na dari ya watoto. Mahali palipobonyea huenda pamebeba maji. Leo hii wahamishieni chumba kingine. Zimeni umeme wa chumba hicho kwenye boksi la swichi, kwa maana nyaya za taa hupita juu ya dari na maji hayachagui pa kupita. Kisha wekeni ndoo, na mtu mzima atoboe tundu dogo kwa bisibisi pale palipobonyea zaidi, maji yashuke kwa utaratibu, kuliko singibodi nzima kushuka usiku.

Halafu turubai lenyewe. Limekusudiwa kukinga siku chache, na lako lina zaidi ya wiki mbili juani. Mtu anayejua kupanda (usiwe wewe, umeshasema unaogopa ngazi, na hofu hiyo iheshimu) atazame kama limevuka kipeo cha paa na kushuka upande wa pili. Likiishia kwenye kipeo, maji huingia chini yake. Atazame pia kama kuna mahali limelegea na kufanya bwawa. Na mtoto aliyekanyaga msumari, kama hajapelekwa kituo cha afya, mpelekeni wakaangalie chanjo yake ya pepopunda. Msumari wa paa kuukuu si wa kupuuzwa, hata kama kidonda kimefunga.

Sasa tukae.

Nimeisoma barua yako mara kadhaa, na ninachoona ni kwamba mambo mawili yamefungwa kwenye furushi moja. Lipo suala la mbao: zimeoza au hazijaoza. Na lipo neno "mwizi", lililotoka kinywani jioni moja na sasa linakaa nyumbani kwako kama mgeni asiyeaga. Umeniuliza kuhusu mbao, lakini nadhani kinachokunyima usingizi ni hilo neno.

Niruhusu nikupunguzie mzigo kidogo kwa upande wa kelele na vumbi. Hayo uliyoyaona siku ya kwanza ni kawaida ya kazi yenyewe. Kung'oa misumari ya miaka 24 hutikisa kuta, na kilichoning'inia hudondoka. Mimi nilipobadilisha paa langu niliambiwa niondoe vitu ukutani, nikaona fundi anajitia hofu, nikapoteza saa ya ukutani iliyokuwa ya mama yangu. Vumbi la darini hushuka, ndiyo maana watu hufunika vitanda kwa plastiki na kuziba matundu ya taa. Misumari huruka, na timu makini hupitisha sumaku uani kila jioni. Hata ile siku ya upepo: bati refu likiinuliwa juu ya paa kwenye upepo hugeuka tanga la jahazi na kumbeba aliyelishika. Kutopanda siku hiyo ni busara.

Lakini kutopiga simu ni uzembe. Kutokuambia ufunike vitanda ni uzembe. Kuacha misumari uani ambako watoto wanacheza ni uzembe mkubwa. Nakutenganishia hivi kwa sababu mume wako aliyaona yote haya akayaweka kwenye kapu moja, na siku ya nne ilipofika kapu lilikuwa limeshajaa. Mtoto wako anaweza kuwa fundi mzembe katika kuhudumia wenye nyumba bila kuwa mwizi.

Umeuliza kama fundi mwaminifu asingejua tangu mwanzo. Hapo nakuomba tusimame. Ncha za kenchi zinapokalia ukuta ndipo mahali paa huanza kuoza mara nyingi, kwa kuwa maji yanayopenya pembeni na kwenye gata huishia hapo, na hapo hufichwa na bati juu na dari chini. Mafundi wazuri kabisa hukuta mambo wakishaezua. Ndiyo maana wenye uzoefu humwambia mwenye nyumba mapema atenge akiba, mara nyingi asilimia 10 hadi 15 ya gharama, kwa ajili ya yaliyojificha. Kwa hiyo kusema "kenchi zimeoza" siku ya nne si dalili ya wizi. Kwa upande mwingine, angeweza kuingia darini na tochi kabla ya kutaja bei, akachungulia, na angalau akakuonya. Alipima kwa nje tu. Hilo ni lake.

Kuna jambo jingine kwenye hesabu yake ambalo nisingependa lipite. Alikutajia kenchi na papi kwa pamoja, kama msiba mmoja. Ni vitu viwili. Mabati ya mfano wa vigae yana ngazi, na kila ngazi hutaka papi chini yake, kwa kawaida kila sentimita 35 hadi 40 hivi. Mabati yenu ya zamani yangeweza kukaa juu ya papi zilizoachana karibu mita nzima. Inawezekana basi kwamba papi "hazifai" si kwa kuoza, ila kwa kuwa zimepangwa kwa ajili ya bati la aina nyingine. Kama ni hivyo, gharama hiyo ilijulikana siku mlipochagua bati, na ilipaswa kuwa ndani ya jumla ya kwanza. Muulize. Jibu lake litakuambia mengi kuhusu uaminifu wake, kuliko kenchi zilivyoweza kukuambia. Anaweza kusema alisahau, naye ni kijana, kusahau kupo. Anaweza pia kukwepa. Wewe uliyembeba akiwa na siku tatu utaujua uso wake.

Na kenchi nazo, ni sita za kubadilishwa nzima, au ncha sita za kurekebishwa? Mara nyingine fundi hukata sehemu iliyooza na kuifunga mbao mpya ubavuni kwa bolti, kenchi ikaendelea na kazi yake. Mara nyingine haiwezekani. Tofauti ya bei kati ya hayo mawili ni kubwa.

Nije kwa mume wako, maana kuna sentensi yake moja uliyoiandika bila kuisimamia. "Mbao zile nilizichagua mwenyewe, moja moja." Dada, umesikia alichokuwa anajibu? Mtoto alisema mbao zimeoza. Mume wako alisikia kwamba nyumba aliyoijenga kila mwisho wa juma, wewe ukiwa na mimba, haikujengwa vizuri. Akakisikia kwa kijana, mbele ya vijana wengine, akiwa ametoka kazini na mkoba mkononi. Naweza kuwa nimekosea, simjui. Lakini kama nimepatia, basi hesabu za mbao pekee hazitamtuliza. Mbao iliyonyeshewa kwa miaka mingi chini ya bati lililotoboka huoza hata ikichaguliwa na fundi bora kuliko wote. Kilichoiangusha ni bati. Mtu akimwambia hivyo, na hasa ukimwambia wewe, huenda akaweza kupanda kuzitazama.

Kwa sababu mpaka sasa, kwa jinsi ulivyoandika, hakuna mtu wa nyumba yako aliyezitazama. Mtoto amesema zimeoza. Fundi wa pili amesema ni nzima akiwa amesimama uani, na hapo sina budi kucheka kidogo, kwa kuwa kuoza kwa ncha ya kenchi hakuonekani kutoka uani. Uwekaji wa siku tatu anaouahidi unawezekana kabisa kama hatagusa mbao. Hatari yake ni kwamba bati jipya likishafunika, hakuna atakayejua tena mpaka paa lianze kulala. Simsemi vibaya, ila yeye ana sababu ya kuona mbao nzima, kama mtoto wako alivyo na sababu ya kuziona mbovu.

Njia mojawapo ni kumtafuta wa tatu, asiyetaka kazi hiyo. Mlipeni ujira wa kukagua tu, na mwambieni mapema kwamba kupaua hatapewa. Apande na bisibisi. Ikizama kwenye mbao kwa msukumo wa mkono, imeoza. Ikigoma, ule weusi huenda ni doa tu. Agonge kusikia kama ndani kuna uwazi wa mchwa. Apige picha za kila ncha, ili hata wewe usiyepanda uzione. Mume wako awepo na, ikiwezekana, mtoto awepo. Njia hii ina uchungu wake: ikitokea mtoto alisema kweli, mume wako atakuwa ameumbuka mara ya pili, ikitokea alidanganya, wewe ndiye utakayeumia. Fikiria kama uko tayari kwa jibu lolote kabla hujaliita.

Kumrudisha mtoto amalize kunawezekana pia. Ila asirudi kwa mtindo ule wa kwanza. Mliacha kuandikiana kwa kuwa ni ndugu; mimi nadhani ndugu ndiye anayehitaji karatasi zaidi, maana fundi wa mbali mkikosana mnaachana, huyu mtakutana naye kwenye kila msiba na kila harusi. Ukurasa mmoja unatosha: mbao ngapi na za vipimo gani, bei ya kila moja, bati la unene gani (geji 28 ni nene kuliko geji 30, namba ikipanda bati linapungua, na hapo wengi hudanganyika), pesa zinatoka kazi ikifika wapi, nani anasafisha uani, nani anarudi bati likivuja na ndani ya muda gani. Na salio la mwisho libaki mkononi mwenu hadi mumeshaona mvua moja, au angalau maji ya mpira yamemwagwa juu. Ugumu ni huu: asipotimiza, je, wewe utaweza kumbana? Kuna mama wadogo wanaoweza na kuna wasioweza, na hakuna aibu katika kujijua.

Kumpa kazi fundi wa pili kutaleta amani ya haraka chumbani kwako. Lakini mjue kwamba fundi anayemalizia kazi ya mwenzake hupenda kusema, likivuja, kwamba kosa ni la aliyetangulia. Pesa mliyokwishatoa iko kwa mtoto au kwenye vifaa, na kuidai kutapita kwa dada yako. Mkielekea huko, angalau mhesabu vifaa vilivyobaki uani mkiwa pamoja na mtoto, kabla mwingine hajashika nyundo.

Mabati ya zamani sijayasahau. Ni mali ya mwenye nyumba isipokuwa mmekubaliana vinginevyo. Lakini mafundi wengi wamezoea kuyachukua kama sehemu ya ujira, na hupunguza bei kwa ajili hiyo. "Ndivyo kazi inavyokwenda" inaweza kuwa kweli kwake na wizi kwa mume wako, wote wawili wakiwa hawadanganyi. Mngeulizana siku ya kwanza kusingekuwa na neno. Sasa anaweza kuyarudisha, au thamani yake ikakatwa kwenye salio, na jambo likaishia hapo. Kama kuna sehemu ya malumbano haya yenye mlango mwepesi, ni hii.

Umeandika "yote nimeyaleta mimi". Ulimleta fundi, na ulichagua bati. Hukuozesha mbao, hukumwita mtu mwizi, hukuchukua mabati. Kwenye barua yako watu watatu wanapiga kelele na wewe peke yako ndiye unayeomba radhi. Nakuachia hilo ulitazame taratibu.

Kwa dada yako, sidhani kama unahitaji kungoja ukweli wa mbao ujulikane. Hujamwita mwanawe mwizi. Unaweza kwenda, bila maelezo ya kenchi wala papi, ukamwambia tu kwamba neno lile lilikuuma na wewe. Usimtetee mume wako hapo, wala usimsengenye. Anaweza asifungue mlango siku hiyo. Utakuwa umefika.

Na kwa mume wako, jaribu jioni moja kumwomba akusimulie ile siku walipopandisha kenchi ya kwanza: nani aliishika upande wa pili, mbao alizitoa wapi, wewe ulikuwa wapi. Usiingize habari ya mtoto. Akishamaliza, mwulize kama angependa kupanda kuziona tena zilivyo sasa, kabla hazijafunikwa.

Lakini dari ya watoto kwanza, dada. Na vitanda.